Wanawake Wawili Waliotupa Mgongo

Miaka ile, ukiingia sebuleni kwa Mkongomani yeyote hapa Birmingham, kabla hujaonyeshwa kiti ulikuwa umeshaonana na Mama Maria wa Dative. Alikaa ukutani juu ya televisheni, mkubwa kuliko watu wote waliokuwamo pichani, malaika wadogo wamepangwa ubavuni mwake kama glasi kabatini, na nyuma yake dhahabu tupu. Hapakuwa na mlima wala nyumba wala mti. Dhahabu yenyewe ilitoka kwenye karatasi za chokoleti. Dative alizilainisha kwa kijiko, akazibandika kwa gundi, na ukiitazama picha kwa mbali ungedhani imetoka nyumbani kwa askofu.

Dative mwenyewe hukuweza kumdhania kitu. Alikuwa mfupi, mkimya, na kazi yake ilikuwa kiwandani, kupaka siagi kwenye mikate ya sandwichi. Mimi ni Mkenya, muuguzi, naishi Harborne karibu na hospitali, na tulijuana kwenye misa ya Kiswahili ya kila mwezi katika parokia moja ya Winson Green. Watu humwita Mama Sylvie, kwa jina la binti yake, na mimi ananiita Mama Mark. Nasimulia habari zake kwa sababu nimechoka kusikia kwamba watu wetu huja huku kunyenyekea tu. Huyu hakunyenyekea.

Alizaliwa Uvira, na kuchora alifundishwa na padri mzee Mwitaliano. Mtoto aliyejua katekisimu vizuri padri alimpa kipicha kitakatifu cha kuweka ndani ya kitabu cha sala, na Dative alijitahidi katekisimu kwa ajili ya vipicha, si kwa ajili ya wokovu, haya ni maneno yake mwenyewe. Alivinakili vyote. Padri alimfundisha sheria zake: aliye mtakatifu zaidi achorwe mkubwa zaidi, asiwepo mtu wa kukanyaga udongo, na nyuma yao iwe dhahabu, kwa maana mbinguni hakuna kitu kingine ila mwanga. Mzee yule alizipenda picha za kwao za kale sana, za kabla wachoraji wa Italia hawajageuza mambo, na hakuwahi kumwambia mwanafunzi wake kwamba mambo yaligeuka. Kisha vita vikaja, Dative akavuka ziwa, akakaa miaka kambini Tanzania, na hatimaye akaletwa Uingereza akiwa na Sylvie mkononi na bila Kiingereza hata cha kuombea maji. Kwa hiyo, kwa upande wa uchoraji, Dative aliishi katika karne ya kumi na tatu mpaka mwaka 2005, siku alipopanda basi la Bristol Road.

Basi lile lilikuwa limewabeba wanafunzi wa darasa la Kiingereza. Mwalimu wao, Manjit, mwanamke mcheshi asiyependa kufundishia darasani kama anaweza kufundishia njiani, aliwapeleka kwenye jumba la picha la chuo kikuu. Wanafunzi wenzake Dative walipita haraka haraka wakitafuta vyoo na chai. Dative alisimama mbele ya kibao kimoja kidogo cha Italia, mtakatifu mmoja peke yake na dhahabu nyuma yake, akakataa kuondoka.

"This one, my work," alimwambia Manjit.

Manjit angeweza kucheka. Hakucheka, alimuuliza maswali mpaka akaelewa, na juma lililofuata alimletea kutoka maktaba kitabu kinene cha picha za Italia. Alimwonyesha alama aliyoiweka katikati, akamwambia kuanzia hapo ndipo dhahabu inapoanza kuondoka.

Jumamosi moja Dative alikuja kwangu na kitabu kile amekifunga ndani ya kitenge kama mtu aliyebeba mtoto. Nilikuwa napika. Alizima jiko langu bila kuniomba ruhusa, akakifungua mezani.

"Mama Mark, angalia aba batu," alisema kwa Kiswahili cha kwao, chenye ba mahali pa wa. "Beko na kilo."

"Kilo za nini?"

"Za mwili. Bale ba kwangu unaweza kubatundika na pini. Aba, ukibabeba, utachoka."

Nilitazama. Ilikuwa picha ya ukutani, kutoka kanisa dogo la mji wa Padova, kazi ya mtu aliyeitwa Giotto, na ilikuwa imetimiza miaka mia saba. Watu wanamlilia Yesu baada ya kushushwa msalabani. Mbingu yake haikuwa ya dhahabu tena, ilikuwa buluu, na chini kulikuwa na jiwe na udongo wa kweli. Maria hakuwa mkubwa kuliko wanawake wenzake. Nguo zao zilianguka kutoka mabegani na magotini jinsi nguo zinavyoanguka, na ukiziangalia ulijua kuna magoti ndani. Mbele kabisa waliketi wanawake wawili chini, wamejifunika, wametupa mgongo. Nyuso zao hazionekani hata kidogo.

"Nani alimupa ruhusa?" Dative aliuliza. "Kuchora mutu mutakatifu na mgongo?"

Nilimwambia sijui, labda hakuna aliyempa.

"Basi alijipa," alisema. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba pale pale, kwenye meza yangu yenye maganda ya vitunguu, Dative naye alikuwa amejipa.

Tangu siku ile chokoleti zilikoma nyumbani kwao. Sylvie, ambaye Kiswahili alikisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza, alinilalamikia kwamba mama yake ameharibu maisha kwa sababu ya mtu aliyekufa zamani. "She just draws people's backs now, Auntie. At the bus stop. It's embarrassing." Na kweli Dative alichora migongo. Mji huu watu hupanga foleni kwa kila kitu, na foleni ukiifikiria ni migongo mitupu: makoti yaliyolowa, mabega ya waliotoka zamu, wanawake wa Kipunjabi na shali zao, vijana wenye kofia zilizoshuka mpaka shingoni. Alisema kwamba uso wa mtu husema uongo kwa adabu, lakini mgongo haujui adabu, na ukimtazama mtu kwa nyuma utajua kama amelala vizuri. Mimi kama muuguzi sikuweza kubishana naye.

Mwanzoni mwa mwaka 2007 paroko alitupa ukuta. Ulikuwa ukuta wa mwisho wa ukumbi wa parokia. Maji ya mvua yalikuwa yameuharibu, ukapigwa lipu upya, na padri akaona ubakie mweupe mpaka jumuiya ya Kiswahili iupambe kwa Ijumaa Kuu, siku ambayo baada ya ibada ya kanisani hukusanyika ukumbini kusali kwa lugha yetu. Mwenyekiti wetu alikuwa Papa Léopold, mtu wa Bukavu, aliyeitwa Président na kila mtu, hata na padri.

Président alikuwa mtu mwema, nisimwonee. Aliyefika mjini bila kujua pa kulala, Président alimpokea. Aliyepata barua ya serikali, Président alimsomea. Ila alipenda kuonekana, tena sana, na suti yake ilifika mlangoni kabla yake. Novemba iliyotangulia mama yake alifariki Bukavu, na hakuweza kwenda kumzika kwa sababu hati zake za kusafiria zilikuwa hazijatoka. Aliweka matanga katika ukumbi ule ule. Viti vilipangwa kwa safu, soda zikaletwa, hotuba zikasomwa, na yeye alisimama mlangoni kutwa nzima amefunga vifungo vyote vya koti, akimshika mkono kila aliyeingia. Hakuketi hata mara moja. Niliona, na sikupenda nilichoona, lakini mtu na msiba wake.

Kamati ilimpa Dative ukuta bila mjadala. Kila mtu alijua kitakachochorwa: Mama Maria wa dhahabu kama wa sebuleni, ila mkubwa zaidi, na chini yake waanzilishi wa jumuiya wakiwa wamepiga magoti. Président alimletea picha yake ya pasipoti ili asikosee pua. Dative aliipokea, akashukuru, akatundika mashuka mbele ya ukuta na kuanza kazi nyuma yake kila alipotoka kiwandani.

Ilikuwa wiki moja kabla ya Ijumaa Kuu Président alipoinua shuka. Nilikuwapo, nilikuwa nimepeleka chai.

Ukutani kulikuwa na kilio. Yesu amelazwa kwenye udongo mwekundu wa Uvira, mama yake amemshika kichwa, na wanawake wamevaa vitenge wamewazunguka wakiwa wameketi chini, wanaume wamesimama nyuma. Juu yao mbingu ya buluu. Kichwa cha Maria kilikuwa sawa na vichwa vingine. Na mbele kabisa, kwa ukubwa wa mtu kamili, wanawake wawili wa vilemba waliketi wakielekea kule kwa Yesu, mabega yameinama, miguu imenyooshwa, migongo yote kwetu.

"Mama Sylvie," Président alisema, "hii ni nini?"

"Ni kilio, Papa Président."

"Naona kilio. Bale bamama babili ba mbele, sura yao iko wapi?"

"Iko mbele yao."

Nilitazama ndani ya kikombe nisije nikacheka. Président hakuona cha kucheka.

"Kwetu mugeni akiingia unamupa uso," alisema. "Unasimama, unamupa mukono. Mutu ataingia humu, kitu ya kwanza tunamupa mugongo? Eh, mon Dieu. Batasema tuko batu gani?" Kisha macho yake yakaanza kutafuta. "Na miye? Niko wapi?"

Dative alimwonyesha mwanamume mmoja kati ya waliosimama nyuma, pua haina makosa, mkono shavuni.

"Mudogo hivi?"

"Sawa na bengine," alisema Dative.

Kamati ilikutana kesho yake. Sitasimulia yote, kwa maana kikao cha Wakongomani na Wakenya kina lugha nne na hakina ajenda. Wengi walikuwa upande wa Président, na si kwa kumwogopa tu. Kwa watu wetu kumpa mgeni mgongo ni dharau, na mzee mmoja alisema ataona haya kumleta jirani yake Mwingereza. Uamuzi ukawa hivi: Dative awageuze wale wanawake watazame watu, na kama hataki, mafundi wa parokia watapaka ukuta wote rangi nyeupe baada ya Pasaka.

Nilimfuata nje. Tulisimama kando ya barabara, ukuta wa gereza la Winson Green ukiwa upande wa pili.

"Mama Sylvie, wageuze tu," nilimwambia. "Kidogo tu, side view hivi. Hiyo kazi yote ipotee juu ya nyuso mbili? Please."

"Mama Mark, batu banaangalia mbele juu ya photo," alijibu. "Bale habako ku photo. Balikuya kulia."

"Najua. Lakini watapaka nyeupe."

"Bapake." Sauti yake ilitetemeka, na ndipo nilipojua jinsi anavyoogopa. Ukuta ule ndio ulikuwa kazi yake ya kwanza ambayo hakuinakili kwa mtu. Ya Giotto alikuwa ameiona, ndiyo, lakini udongo ulikuwa wake, vitenge vyake, na kilio alikijua kutoka kambini, ambako walizika watu na kuketi chini karibu kila juma. "Nimefanya dhahabu maisha yangu yote sababu mutu mumoja aliniambia. Sasa nimeona kwa macho yangu. Siwezi kusema sikuona."

Akarudi ndani, akasimama mbele ya kamati, yeye ambaye hata kuomba chumvi mezani huona aibu. Aliomba jambo moja. Watu waruhusiwe kuingia siku ya Ijumaa Kuu, ukuta ukiwa jinsi ulivyo, wauone, waamue wenyewe. Wakiukataa, hakuna haja ya mafundi, atapaka nyeupe kwa mkono wake siku hiyo hiyo. Président alikubali upesi kwa sababu alikuwa na hakika ya ushindi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Dative alikuwa ameshavua.

Ijumaa Kuu ilikuwa na jua baridi. Président alikuwa amepanga viti vya plastiki kwa safu nzuri zikitazama ukuta, na kando ya mlango aliweka kopo la rangi nyeupe na rola mpya. Kopo hilo lilinikera kuliko maneno yote aliyosema. Dative aliondoa mashuka, akasimama kando ya ukuta wake, mikono nyuma.

Watu walitoka kanisani wakaingia. Waliingia wakizungumza, wakasimama ghafla. Nilisikia mtu mmoja akinong'ona, "Sura ziko wapi?" Mwingine akaguna. Hakuna aliyeketi kwenye viti. Walisongamana karibu na mlango, na Président, akiwa amesimama pale pale aliposimama siku ya matanga ya mama yake, akiwashika mikono wanaoingia, alikuwa na uso wa mtu ambaye ushahidi wake umesikilizwa.

Kisha akaingia Mama Francine. Ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri, mwanamke wa Fizi, na magoti yake nayajua vizuri kwa sababu ni mimi niliyemkataza kuketi chini. Alisimama akautazama ukuta kwa kitambo. Alivua viatu vyake, akajifunika kichwa kwa kitenge chake, akapita katikati ya viti akivisukuma kwa nyonga, na alipofika mbele akajishusha sakafuni taratibu, nyuma ya wale wanawake wawili, akanyoosha miguu kama wao.

Hapo ndipo sote tuliona. Anayefika kilioni hapiti mbele kuwakabili watu kana kwamba anataka kuhutubia. Huketi nyuma ya waliomtangulia, akawakuta wanalia, akalia nao. Wale wawili hawakutupa mgongo kwa dharau. Walikuwa wamefika kabla yetu tu, na nyuma yao palikuwa na nafasi, nayo nafasi hiyo ilikuwa sakafu ya ukumbi wetu. Wangegeuzwa watutazame, kilio kingefungwa, na sisi tungebaki watazamaji. Mchoraji yule wa Padova alilijua jambo hili miaka mia saba iliyopita, na Dative alikuwa amelijua tangu kambini bila kujua kwamba ni uchoraji.

Mama Francine aliinua sauti akalia. Si kilio cha kanisani, kilikuwa kile chenyewe, kinachotoka tumboni. Wanawake wakaanza kuvua viatu. Viti vilisukumwa, vikaanguka, hakuna aliyevijali. Waliketi nyuma ya Mama Francine, kisha nyuma ya hao wengine, Wakongomani kwa Wakenya, na Sylvie naye nilimwona ameketi katikati ya wamama, amejifunika shali ya mtu. Mimi nililia. Nilimlilia baba yangu na nikawalilia wagonjwa wangu wawili ambao sikupata wasaa wa kuwalilia kazini, na sioni aibu kusema kwamba nilisikia raha kama ya mtu aliyetua mzigo.

Nilipogeuka, Président alikuwa bado mlangoni peke yake, mkono wake umenyooshwa nusu na hapana wa kuushika. Alitazama ile sakafu iliyojaa. Alitazama ukuta. Kwao wanaume hawaketi na wanawake kwenye mkeka, wao hukaa nje kwenye mabenchi, na sidhani alikuwa amewahi kufanya alichofanya. Alifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja. Akavua viatu. Akaja akaketi chini nyuma yetu na suti yake, akasema "Mama" kwa sauti ndogo, akalia. Mwanamke aliyekuwa karibu naye alimsogelea, akamshika bega, wala hakumtazama.

Nilimtafuta Dative. Alikuwa bado kando ya ukuta, ila mikono ilikuwa imetoka nyuma, imeshika kiuno. Machozi yalimtiririka na kidevu amekiinua, anatazama ukumbi mzima kama mwenye shamba anavyotazama mahindi yaliyokubali. Nimemjua miaka mingi, na sijamwona mrefu kama siku ile.

Padri hakuwa amejua lolote la yaliyotokea ukumbini. Alikuwa amebaki kanisani akizima mishumaa, akaja baadaye na funguo mkononi, akafungua mlango na nusura alikanyage lile kopo la rangi. Alikuwa mtu wa utaratibu, alitaka jibu la kuwaambia mafundi. Alikohoa kidogo, akauliza kwa Kiingereza chake cha upole kama jumuiya imeshaamua kuhusu ukuta.

Hakuna hata mmoja aliyegeuka. Alisimama pale akitazama migongo yetu yote, na mbele yetu ile miwili ya ukutani. Kisha nikasikia akiweka funguo chini na kuanza kulegeza kamba za viatu vyake.